Nilivyomkuza binti yangu kwenye tenisi, huku Mtwara, kwa fedha za korosho

Mtoto anayecheza tenisi Mtwara hasumbuliwi sana na raketi wala kiwanja. Anakosa mtu wa kucheza naye. Binti yangu alipofikisha miaka 11 alikuwa ameshawafunga watoto wote wa hapa mjini wanaoshika raketi, nao ni wa kuhesabu kwa vidole.

Mwanzoni tulitegemea ukuta wa ghala. Nilichora mstari wa chaki sentimita 91 kutoka chini, ambao ndio urefu wa wavu pale katikati, akawa anapiga hadi magharibi. Mipira niliomba kwa watu wazima, ile waliyoichoka. Imepungua mdundo, na kwa mtoto mdogo hiyo ni nafuu. Hata kanuni za ITF, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, tangu 2012, haziruhusu mpira wa njano wa kawaida kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini.

Lakini ukuta haukufanyii hila. Nikamfuata mzee mmoja mstaafu, magoti yake mabovu ila mkono una maarifa. Anakata mpira unavuka na kudondokea hapo hapo karibu na wavu, halafu anacheka. Binti alilia sana siku za mwanzo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo umekuja kucheza au kulia?"

Sikuingilia. Yule mzee amemfundisha subira kuliko kocha yeyote ambaye ningeweza kumlipa.

Kuhusu fedha: shamba langu liko Nanyamba, na minada ya korosho huanza Oktoba. Likizo ndefu ni Desemba. Basi Desemba anapanda basi kwenda Dar, zaidi ya kilomita 500, anafikia kwa shangazi yake na kucheza na wenzake likizo nzima. Juni mfuko huwa mkavu, kwa hiyo nauli ya Juni namtumia shangazi mapema, korosho zikishalipwa tu, nisije nikaila. Ndugu wananisema, eti hizo hela ningemalizia kuezeka. Kweli, upande mmoja wa nyumba bado ni makuti.

Alipotimiza miaka 13, umri wa kuruhusiwa mashindano ya vijana ya ITF, ushauri ukawa mwingi: mpeleke Nairobi. Kila mtu alinitajia Angella Okutoyi, Mkenya aliyetwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Sawa, ila Okutoyi alikulia Nairobi, wapinzani wako mlangoni. Mimi nilipiga hesabu ya J30, ngazi ya chini kabisa ya mashindano hayo ya vijana: bingwa anapata pointi 30, ukitolewa raundi ya kwanza unarudi mikono mitupu, na nauli imeshakwenda.

Nikamwambia, "Mama, wafunge kwanza wa umri wako pale Dar, ndipo tukate pasipoti." Alininunia wiki nzima.

Sasa ana miaka 14. Desemba iliyopita aliwafunga wote aliokutana nao isipokuwa mmoja, msichana wa mashoto ambaye servisi yake inakimbilia nje ya kiwanja. Natafuta mtu wa mashoto anayecheza tenisi hapa Mtwara. Mpaka leo sijampata, na mzee ameanza kujaribu kwa mkono wa kushoto.