Mimi na santuri, CD kaeni nazo nyie

Jamani naomba niseme ukweli, nyumbani kwangu siku hizi CD zimejaa vumbi, kila jioni ni santuri tu. Najua CD imekuja 1982, haina kelele za krr krr, inabeba zaidi ya saa nzima, sawa sikatai. Lakini hebu chukua ile sahani ndogo ya 45 (inazunguka mara 45 kwa dakika) ya Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa wa Tanzania, ipanguse vumbi na kitambaa laini, shusha sindano taratibu, unasikia krr krr kidogo halafu gitaa linaingia kama vile jamaa kakaa hapo kwenye kochi. Zamani upande mmoja haukutosha wimbo mrefu, kwahiyo unakatwa, upande A wanaimba, inabidi uinuke ugeuze ndo upate chemko lenyewe, ile sehemu ya kasi ya kucheza, upande B. Na huko kuinuka ndo raha yenyewe bana! Kwenye CD naweka halafu nasahau, naenda jikoni naosha vyombo, muziki unapiga peke yake. Santuri inanikalisha chini nasikiliza besi, tarumbeta, kila kitu. Juzi nimepata moja ina alama ya kalamu, mtu kaandika jina la mke wake, nimeitunza hivyohivyo.