Ramani ikae kwake, databesi ikae kwake

Watu wa data hapa Kisumu tuna tabia moja, ukitumiwa ramani mpya unaiingiza kwa databesi kama jedwali jipya, mwezi ujao inakuja nyingine mipaka imerekebishwa, sasa uko na wodi_mpya, wodi_mpya2 na wodi_final na hakuna anayejua ya ukweli ni gani. Mimi hiyo biashara nimeacha.

Kama unatumia PostgreSQL (databesi) na PostGIS (nyongeza yake ya kushughulikia ramani) kuna ekstensheni inaitwa ogr_fdw, Paul Ramsey ndiye aliianzisha. Imekalia GDAL, ile laibrari inayosoma karibu kila aina ya faili ya ramani, kwa hivyo shepfaili, GeoPackage, hata WFS (huduma ya kutoa data ya ramani kwa intaneti) iliyo kwa sava ya watu wengine, zote databesi inaziona kama majedwali ya kawaida. Unaandika CREATE EXTENSION, unaunda SERVER ukiiambia faili iko wapi na ni fomati gani, halafu IMPORT FOREIGN SCHEMA inakuletea majedwali na safu zake zote. Na kumbuka anayesoma faili ni yusa wa Postgres kwa sava, si wewe, ukiiweka kwa folda yako ya nyumbani mara nyingi itakataliwa.

Sasa utamu: niko na visima vya Nyando na Muhoroni, pointi za GPS, nikitaka kujua kila kimoja kiko wodi gani kati ya zile 35 za kaunti naandika ST_Contains tu (inauliza kama pointi iko ndani ya mipaka), jedwali moja langu, lingine la nje, imeisha.

Penye watu huumia ni SRID, ile namba inayosema ramani inatumia mfumo gani wa kupima mahali. Simu inakupea 4326 (latitudo na longitudo za GPS), ramani nyingi za zamani ziko Arc 1960, mfumo wa zamani unaogawa nchi kwa zoni za UTM, na huku kwetu ni balaa juu ikweta inapita hapo Maseno: Kisumu mjini ni zoni 36 kusini (21036), ukipanda Kakamega ni 36 kaskazini (21096), ukienda Nakuru ushavuka nyuzi 36 mashariki so ni 37 kusini (21037). PostGIS ikiona SRID mbili tofauti inagoma, na heri igome. Faili bila .prj (kile kifaili kinachosema ramani iko mfumo gani) ndiyo mbaya. Tumia ST_Transform, inayobadilisha kutoka SRID moja hadi nyingine, peleka zote kwa moja.

Kasi nayo, jedwali la nje huwezi kuliwekea indeksi ya GiST (ile ya kuharakisha utafutaji kwa ramani), na kama ni WFS kila kweri, yaani kila swali unalouliza databesi, inavuta data kwa intaneti upya. Kwa hivyo naweka MATERIALIZED VIEW juu yake (nakala ya matokeo iliyohifadhiwa kwa databesi), naipea indeksi, REFRESH ya kuisasisha inafanywa na cron, kipanga ratiba cha sava, usiku. Utasema si hiyo bado ni kukopi? Ndiyo bana, lakini jina ni moja na chanzo ni kimoja, hakuna wodi_final.

Halafu ogr_fdw inaweza pia kuandika kwa baadhi ya fomati, mimi huweka updateable 'false' mapema ili isomwe tu, sitaki kijana wa atachi (mwanafunzi wa mafunzo kazini) afute wodi ya Kolwa Mashariki yote Ijumaa jioni.