Siku moja maishani mwangu: kuvua urani majini

Saa 2:00 asubuhi. Koti la maabara, miwani, glavu jozi mbili, na kifuani kipima mionzi. Watu wakisikia urani, metali ya kuzalishia nishati ya nyuklia, huwaza miale tu. Urani ya asili hutoa zaidi miale ya alfa, ambayo hata ngozi huizuia. Balaa ni kuimeza au kuvuta vumbi lake, maana ni sumu kwa figo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi maikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa.

Saa 2:30. Nazishusha chupa zilizokesha kwenye mashine ya kutikisia. Ndani mna maji yenye urani na unga mweupe wa silika, kitu kilekile kinachounda mchanga. Kwa macho ni unga tu, ila kila chembe imejaa vijitundu vyenye upana wa nanomita chache, na kuta za vijitundu vya gramu moja ya silika ya aina hii, ukizitandaza, huweza kupita mita za mraba 500. Kuta hizo nimezivisha amidoksimu, kundi la atomi linaloishika urani barabara. Silika tupu nayo hushika, lakini hushika ovyo.

Saa 4:00. Kupima pH, yaani kiwango cha asidi au besi majini, kazi inayonila muda kuliko zote. Asidi ikizidi, ioni za hidrojeni huwahi viti vya urani. Maji yakiegemea upande wa besi, kaboneti huizingira urani na kuipa chaji hasi, na hapo kuinasa ni shughuli. Kwa hiyo wengi hujaribia kwenye pH 5 au 6, katika maji safi yasiyo na kitu kingine, kisha hutangaza kiwango kikubwa cha unasaji. Mimi takwimu hizo huzisoma kwa jicho la pembeni.

Saa 7:00 mchana. Chakula, nje ya maabara. Ndani hata maji ya kunywa hayaingii.

Saa 8:00. Sasa maji ya bahari, pH yake 8 na kitu. Kila lita ina maikrogramu 3 hivi za urani, ingawa bahari zote kwa jumla zinakadiriwa kuwa na zaidi ya tani bilioni 4. Kalsiamu imo, magnesiamu imo, na vanadi, metali nyingine na mpinzani mkaidi, hupenda amidoksimu kama urani ipendavyo, pengine zaidi. Wajapani walishathibitisha kwamba inawezekana: kati ya 1999 na 2001 walizamisha vitambaa vya amidoksimu baharini wakapata takriban kilo moja ya unga wa njano wa urani. Gharama ndiyo iliyobaki kuwa kikwazo.

Saa 10:00. Kuitoa urani kwenye vijitundu. Naosha unga kwa asidi hafifu, nachuja, kisha naurudisha kazini. Asidi ikiwa kali huila amidoksimu yenyewe. Nikikimbilia besi kali, silika inayeyuka. Nyenzo inayonasa sana lakini isiyoachia, au inayochakaa baada ya mizunguko michache, kwangu haina soko.

Saa 11:30 jioni. Maji taka kwenye pipa lake lenye lebo, mikono na meza chini ya kipima mionzi. Sampuli za bahari naziweka mbele ya foleni ya spektromita ya masi, mashine inayopima kiasi cha urani, zipimwe usiku huu. Zile za pH 5 zitasubiri.