Majaji, "chai" na ujumbe uliotoweka

Siku ya kwanza nilifeli mchana kweupe. Nilikuwa nimealikwa Kampala kuwafundisha majaji na mahakimu wachache jinsi ya kusimamia ufichuzi wa nyaraka za kielektroniki katika kesi kubwa za madai, yaani kila upande kumwonyesha mwenzake ujumbe na mafaili yanayohusu kesi. Mfumo wa mahakama za Uganda wa kusimamia kesi kwa kompyuta, ECCMIS, ulikuwa umeanza mwaka 2022, nao walikuwa wakisoma majalada kwenye skrini, basi nikadhani kompyuta si jambo geni kwao. Nikaanza na slaidi za seva. Kufika saa nne, mmoja alikuwa ameinamia jalada lake chini ya meza. Jaji mmoja mzee, mtu wa Arua ambaye huongea nami Kiswahili tangu tulipofahamiana, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, sasa hiyo seva niipe amri gani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikafuta slaidi zote.

Mimi na dada yangu tukakesha tukibuni kesi. Msafirishaji wa kahawa anamshtaki muuzaji wa Masaka, akidai kwamba afisa ununuzi wake alihongwa. Tukaandika ujumbe upatao mia tano, wa imeli na wa WhatsApp, kwa Kiingereza, Kiganda na Kiswahili, vimechanganyika kama watu wanavyoandika kweli. Baadhi nikauweka kwenye kikundi cha WhatsApp katika simu mbili za mazoezi. (Dada alifurahia mno kuigiza afisa mla rushwa, mpaka nikaingiwa na wasiwasi.)

Asubuhi nikawaambia: nyinyi ndio mahakama, chagueni maneno ya kutafutia. Meza mbili ziliandika "rushwa" na neno lake la Kiingereza. Hakikutoka kitu. Hakimu mmoja akaangua kicheko: "Nani anaandika rushwa kwenye simu, jamani?" Wakajaribu "chai". Ikamwagika kama mvua: chai na mandazi ya ofisini, chai ya mgeni, chai imeisha sukari. Na katikati yake, "chai ya mzee iko tayari", wiki tatu kabla ya mkataba kusainiwa. Waliotafuta kahawa kwa Kiingereza tu walikosa kila alipoandika mtu "emmwanyi", yaani kahawa kwa Kiganda.

Hapo ukumbi ukachangamka. Hawakuhitaji kujua seva inafanyaje kazi. Walihitaji kuwauliza mawakili, mapema, kwenye kikao cha kupanga usikilizaji: nani aliandika, miezi ipi, kwa lugha gani, kwenye simu ya nani, na gharama ya kutafuta ataibeba nani. Amri ya 10 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai inampa jaji mamlaka ya kuagiza ufichuzi, lakini haimtajii neno "chai". Nikawasimulia kesi ya Zubulake dhidi ya UBS Warburg kule New York, ambapo Jaji Shira Scheindlin aliagiza kwanza kanda tano tu za akiba, zenye nakala za imeli za zamani, zifunguliwe kama sampuli, ndipo aamue habari ya gharama. Hiyo waliipenda. Kuonja mchuzi kabla ya kununua chungu kizima, alisema mmoja.

Suala la uhalisi nililipitia haraka, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 wanaijua kuliko mimi: anayeleta ujumbe ndiye anayepaswa kuthibitisha uhalisi wake, na jaji hupima ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na mtumaji alivyotambuliwa. Niliwaonyesha tu kwamba skrinshoti iliyochapwa haina habari hizo. Mawasiliano ya siri kati ya wakili na mteja sikuyafikia kabisa. Muda ulikwisha, na nadhani hilo lilistahili siku nzima.

Jioni kila meza iliandika amri yake. Ya mzee wa Arua ilikuwa aya moja safi: watu wanne, miezi mitano, maneno tisa kwa lugha tatu, sampuli kwanza. Nilimpigia makofi, nikanyamaza.

Siku ya tatu tukafungua zile simu ili tuitekeleze. Ujumbe wa kikundi haukuwepo. Nilikuwa nimeuwekea utoweke baada ya saa 24.

Mzee aliisoma tena karatasi yake, mstari kwa mstari. "Sikuwakataza kufuta," akasema, akaniomba kalamu.