Mawe kwenye mfuko wa rinda

Jumamosi nilikuwa nafua yunifomu za kijana wangu, na mimi kabla niloweke kitu kwenye beseni lazima nipitishe mkono mfukoni, maana ashawahi kuniachia kalamu ya wino na mashati yote yakaharibika. Safari hii mkono ukatoka na kokoto tatu. Za kijivu, zenye kona, zile za kujengea. Nikamuuliza ni za nini, akasema "ni zangu tu mami, niliziokota kwa njia", akarudi kucheza. Nikabaki pale kwa bomba nimeshika mawe matatu, povu linanitiririka hadi kwa kiwiko, na kufua kukanishinda kwa muda.

Ilikuwa 2014, Kayole, hapa Nairobi, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, muhula wa pili.

Kazi yenyewe ilinifikia hivi. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akasema wewe si ndiye unapenda watoto wakimbie, sasa wafadhili wameleta mpango wa chakula na mazoezi kwa shule nzima, shika. Nikashika. Watoto karibu 900, na kipimo tulichopewa kilikuwa kile cha shule nyingi zenye mlo wakati huo, gramu 150 za mahindi kwa kila mtoto, gramu 40 za maharagwe, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo yenye iodini. Ukipiga hesabu ni gunia moja na nusu la mahindi na kilo 36 za maharagwe kila siku ya shule, na hayo maharagwe lazima yachambuliwe na yalowekwe jioni, la sivyo utachoma kuni mpaka saa nane huku watoto wamelalia madawati. Saa nne uji wa wimbi. Ijumaa robo ya chungwa. Kuna walimu walitaka watoto wapewe chai baada ya hiyo githeri ya mahindi na maharagwe, hapo nilikataa kabisa, kwa sababu majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe, na chungwa linasaidia, na kwa watoto wenye macho meupe kwa kupungukiwa damu vile wetu walivyokuwa singekubali chuma hata kidogo kipotee.

Mazoezi ndiyo yalikuwa vita. P.E. ilikuwa kwa ratiba ya ukutani tu, KCPE, ule mtihani wa taifa wa darasa la nane, haikuwa na mtihani wake, so kipindi kikifika mwalimu wa hesabu anaingia na chaki. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mimi hizo dakika nikaanza kuziokota mahali popote, kumi kwa breki, ishirini kabla ya paredi, nusu saa jioni ya michezo kama kati, blada na kuruka kamba, darasa kwa darasa maana uwanja haungetosha wote. Mbio za asubuhi nilizihamisha zikawa baada ya uji, wiki ya kwanza tu nilipogundua wengi wamekuja shule na turungi peke yake tumboni, wengine hata hiyo turungi hawakupata.

Alafu ikafika ile Jumatano ya kupima kilo.

Wageni kutoka kwa wafadhili walikuwa waje saa nane mchana. Ijumaa iliyotangulia, pale paredi, mimi mwenyewe nilishika maikrofoni nikawaambia watoto, "Wageni wanakuja kuona kama mmeongeza kilo. Msituangushe." Nilisema vizuri, nikitabasamu, na watoto wakajibu "Ndiooo mwalimu" vile wao hujibu.

Jumatano tulianza mapema sana. Darasa la kwanza, la pili, la tatu, kufikia breki hao wote nilikuwa nimewamaliza na kitabu kimejaa namba nzuri, nzuri kweli, mpaka nikamwambia mwenzangu wa la tatu umeona githeri inavyofanya kazi? Tukacheka kwa furaha. Nakumbuka ile furaha vizuri sana.

Baada ya uji likaja darasa la nne. Mzani wa kukanyaga ulikuwa barazani nje ya stoo, juu ya kipande cha mbao ili usiyumbe. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Nairobi, jua halijaonekana tangu Jumapili na moshi wa jikoni unatambaa chini chini badala ya kupanda. Watoto wamevua viatu, wamebaki na soksi, wanaruka ruka kwa laini kwa sababu ya sementi. Akafika msichana mmoja mdogo wa umbo, wa kukaa dawati la mbele. Mama yake nilikuwa namjua, alikuwa anagonga kokoto kule kware upande wa Njiru, na mkutano wa wazazi alikuja moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la kijivu likiwa bado kwenye nyusi zake.

Nikamwambia mtoto toa sweta. Akasema anaskia baridi. Nikamwacha, hata mimi nilikuwa naskia. Akapanda, akasimama wima kabisa, mikono imebanwa kando ya rinda. Mshale ukaenda mpaka 26. Muhula wa kwanza alikuwa 24 na nusu. Kilo moja na nusu kwa muhula mmoja! Mtoto wa miaka kumi huongeza kilo tatu, nne hivi kwa mwaka mzima, tena huyo ni yule anayekula vizuri nyumbani, na hiyo nilikuwa naijua, ilikuwa imeandikwa kwa chati niliyoibandika mwenyewe ukutani, lakini saa ile sikuifikiria. Nikaandika 26, nikaipigia mstari chini. Nikamwambia hongera mama, haya shuka, mwingine.

Akashuka kwa kuruka, vile watoto hushuka. Ko!

Jiwe likabiringika likaja likasimama kwa kiatu changu.

Nilingoja wacheke. Watoto sabini, jiwe limetoka kwa rinda la mwenzao mbele ya mwalimu, siku nyingine hapo hata filimbi haingewanyamazisha. Hakuna aliyecheka. Waliangalia chini wote, na kwenye kile kimya nikasikia huko nyuma ya laini, ko. Alafu tena, ko, ko, taratibu, mtoto ameinama kama anafunga kamba ya kiatu na viatu walikuwa wamevua.

Nikachuchumaa. Nikamuuliza nani alimwambia aweke mawe. Hakujibu, alianza kuyatoa mwenyewe, moja moja, anayapanga juu ya ile mbao. Mfuko wa kulia saba na lile lililoanguka, mfuko wa kushoto sita, na mawili ndani ya soksi. Kumi na sita. Alikuwa ametembea nayo tangu nyumbani, amesimama nayo paredi, na nikajua pia kwamba asubuhi ile amekimbia nayo uwanjani, maana mimi ndiye niliyekuwa napiga filimbi.

Alipomaliza akasema, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ulisema tusiwaangushe." Alafu akaniangalia sasa usoni. "Tusiponona mtaacha kupika?"

Nilimwambia kesho tutapika. Hilo tu ndilo nililokuwa na uhakika nalo, maharagwe ya kesho yalikuwa stoo, nilikuwa nimeyapima kwa mkono wangu. Ya mwezi ujao singeweza kumwambia, na yeye alielewa kwamba nimejibu la kesho tu, niliona akielewa.

Nikampandisha tena mzanini. 24 na gramu 800.

Darasa la nne lote nikawaambia watoe kilichomo mifukoni, sitamgombeza mtu, na nikaanza upya toka wa kwanza. Mpishi mmoja alikuja na ungo wa kuchambulia maharagwe akayazoa yale mawe bila kuniuliza kitu. Nikamaliza wa mwisho saa saba na nusu. La kwanza, la pili na la tatu sikurudia. Muda ulikuwa umeisha, wageni walikuwa getini, na nikiwa mkweli hata kama muda ungekuwepo sijui kama ningerudia. Walikuja, wakaonja githeri, wakatazama watoto wakiruka kamba, wakachukua hesabu zangu, wakatushukuru sana. Mpango ukaendelea mpaka mwisho wa 2015, alafu pesa zikaisha, kwa uamuzi uliofanywa mbali na Kayole na wala haukutaja kilo za mtu.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningepima kitu kingine. Kuna mtoto wa la sita ambaye mwanzo alikuwa anazunguka uwanja nusu anakaa chini, kufikia Septemba anamaliza mizunguko mitatu anapiga kelele apewe wa nne. Kuna wale wa mchana waliokuwa wanalala, wakaacha kulala. Hayo hayahitaji mzani na hakuna anayeweza kuyaongezea mawe. Lakini pia kila nikifika hapo najiuliza, kama namba zangu za Julai zingekuwa zile za kweli tupu, gramu mia tatu hapa, mia mbili pale, je, muhula wa tatu tungepika? Bado sijui. Na kuna siku nafikiri wale watoto walielewa ile kazi yangu kuliko mimi.

Saa hii kijana wangu ana ile bangili ya Dishi na County, mpango wa chakula shuleni wa kaunti ya Nairobi ulioanza 2023, anagongesha, analipa shilingi 5, anakula, na mimi nikimuuliza jioni namuuliza kama alishiba. Zile kokoto zake tatu nimezisuuza nikamwekea dirishani.

Kile kitabu bado ninacho. Jumamosi usiku nilikitoa chini ya nguo za wageni nikakifungua pale darasa la nne. Kwa mstari wake kuna 26 imekatwa kwa wino mwekundu, bado inasomeka, na 24.8 kando yake, na kurasa zile mbili zimejaa wino mwekundu hivyo hivyo, watoto kumi na tisa, niliwahesabu. Kurasa za la kwanza, la pili na la tatu ni safi, hakuna namba hata moja iliyokatwa.