Namba ngapi, mkubwa?

Miaka 14 Muscat nilinyolewa na Wabangladeshi. Kwa kuwa hatukuelewana lugha, waliniuliza kwa vidole namba ya mashine, yaani nywele zibaki fupi kiasi gani: moja, mbili au tatu? Nikajiambia ngoja nirudi Pangani, kule hakuna kuulizana namba.

Nimerudi. Mzee, kinyozi wetu, nilijua tumeshamzika, habari zilinifikia kwa simu. Nisilolijua ni kwamba hata mti wa mkungu aliokuwa akiweka kigoda chake chini yake umekatwa. Pale pana banda la bati, vioo ukuta mzima, muziki juu. Kijana akanigeuzia kiti: "Karibu mkubwa. Namba ngapi?"

Ni mwanawe. Nilipoondoka alikuwa mtoto wa kumshikia baba yake kioo.

Swali hilo linanikosesha usingizi hadi leo. Mzee alikuwa haulizi. Anakuinamisha kichwa, vidole vinapita kwanza, ndipo chombo. Kovu langu la utosini, nililopata kwa kuangukia ukingo wa kisima, alilijua. Akilifikia anainua mkono. Nywele zangu za tumboni alizinyoa yeye, na za baba yangu zilinyolewa na baba yake. Ukikaa pale unaambiwa kichwa chako umekirithi kwa nani, na nani wa ukoo wenu aliwahi kupata upara. Sasa niambieni, hayo yana namba gani?

Ukoo wao uliletwa na mkonge. Wa Pangani tunajua zao lile lilianzia kwetu Kikogwe, mwaka 1893, kwa miche 62 tu iliyosalimika kutoka Florida. Mashamba yakakua, manamba, vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka mbali, na babu wa kijana huyu alitoka Buha, kule Kigoma. Kazi ilikuwa ya kipande, kadi ya kuhesabia siku: hujatimiza siku 30, hulipwi. Kwa hiyo alinyoa wenzake kambini kwa mkopo, akiweka alama za mkaa ukutani, vipande vikijaa anapita kudai. Mwishowe aliacha kukata mkonge, akabaki na vichwa. Alimrithisha mwanawe, ndiye Mzee, wembe wa kukunja, ukanda wa ngozi wa kuunolea na kipande cha shabu, jiwe la kuzuia damu. Nailoni ikaja kushusha bei ya mkonge, mashamba yakataifishwa 1967, kambi zikapungua watu. Mzee akabaki na sisi wa kijijini.

Kilichomuumiza zaidi kilikuja baadaye. Ukimwi, ugonjwa uliotambuliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa umeshafika kila mahali, na redio ikatuhimiza tusichangie nyembe. Siku moja baba akanipa wembe mpya ndani ya karatasi, akasema nikampe Mzee aninyolee huo. Nilimpa macho yakiwa chini. Akaufungua, akauvunja nusu, akaninyoa kimya. Redio ilisema kweli na yeye alijua hivyo. Lakini ule wembe wake wa kukunja sikuuona tena tangu siku ile, wala yale maneno ya kichwa cha nani hayakuwa mengi kama zamani. Nadhani namba zilianzia hapo, kabla ya umeme na kabla ya mashine.

Mnaojiandaa kurudi, nisikieni. Siku za mwanzo nendeni makaburini, sokoni, kwa shangazi zenu. Kwa kinyozi msiende. Mimi nimeshanyolewa, nyinyi tieni maji.

Nilimwambia mbili. Mashine ikapita juu ya kovu bila kusita, nikaguna. Akaizima.

"Samahani mkubwa, sikuliona."

"Mzee alikuwa analijua."

Akanitazama kwenye kioo, muda mrefu. "Wewe si mtoto wa yule fundi cherehani?"

Akapunguza muziki. Akanisimulia kwamba Mzee alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, aliikataa mashine. Akaagiza wembe wake, ambao kumbe ulikuwa sandukuni miaka yote hiyo. Kijana hakuwahi kuushika. "Mkono ulinitetemeka kaka, nikamkata hapa." Akagusa nyuma ya sikio lake mwenyewe. "Nikataka kuacha. Akaniambia, paka shabu, endelea."

Shabu siku hizi hana. Kovu langu alilipaka spiriti, ikaniwasha mpaka machozi yakanitoka.