Nilivyojifunza kuhesabu korongo taji

Kwetu Mwanza nani angeamini kwamba korongo taji wanapungua? Mvua zikikolea, pita barabara ya Magu utawaona kwenye majaruba ya mpunga, taji la dhahabu kichwani, wakitembea kama mabwana shamba. Kwa hiyo niliposoma kwamba tangu 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, imewaweka miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, nilibisha. Nikaazima darubini, nikanunua daftari, nikaenda kuwahesabu mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza niliandika 41. Ya pili, majaruba ya jirani, 38. Nikajumlisha! Mzee mwenye shamba alicheka mpaka akaegemea jembe. "Mwanangu, hao ni wale wale wa jana, wamefuata chakula. Ngoja jioni, uwaone wanakolala."

Korongo taji hulala juu ya miti. Nilijibanza mbali na mti aliouonyesha, saa moja kabla ya giza, nikawahesabu wakiingia kwa makundi madogo madogo. Wote 43.

"Na watoto ni wangapi?" mzee akauliza. Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo ubishi wangu ulipoishia. Ndege huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo wakubwa wataendelea kujaza majaruba miaka mingi hata kama hakuna kifaranga anayefikia kuruka. Viota viko chini, kwenye majani ya maeneo oevu, na huko ndiko tunakolima, tunakokata majani, na watu wanakookota mayai au kukamata vifaranga wa kuuza. Jioni iliyofuata niliwatafuta wadogo: kisogo cha kahawia, taji bado fupi. Wawili tu.

Kuviona viota kulinichukua muda zaidi. Mama mmoja anayelima kando ya bwawa alikana kabisa kwamba vipo. Baadaye nikaambiwa alidhani mimi ni mnunuzi wa vifaranga. Mtu mgeni mwenye darubini, angefikiria nini? Nikaacha kuuliza. Kila asubuhi salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", halafu darubini nawaachia wajukuu zake wachezee. Wiki ya tatu akanipeleka mwenyewe. Mayai matatu.

Siku hizi safu ya kwanza ya daftari ni ya watoto. Mwezi uliopita mama huyo alinipigia simu: wanne, wote wanaruka. Nikamuuliza kama hajawahesabu mara mbili.

"Jioni moja, mti mmoja," akasema. "Mimi siyo wewe."